Mjane wa Ghala la Nta

Vijana wakija kuniuliza historia ya maigizo mjini Tabora, huwa wanataka niwaanzie klabuni kwa Wazungu, walikokuwa wakivaa nywele za bandia na kupigiana makofi wenyewe kwa wenyewe. Huko mimi sikuingia, na sisimulii nisichokiona. Anayetaka habari za klabu akaulize klabu. Historia ninayoijua inaanzia kwenye ghala la nta nyuma ya stesheni, nayo inanihusu mimi, binti yangu na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mwanamke niliyegombana naye mpaka majirani wa mtaa wetu wa Chemchem wakachoka kuamulia.

Ghala lilikuwa la Mhindi mmoja mfanyabiashara. Alinunua nta ya nyuki kutoka kwa warina asali wa porini, akaipakia kwenye garimoshi kwenda pwani. Ikishaondoka, ghala linabaki tupu, na yeye mwenyewe alipenda michezo kupita kiasi, basi akatuachia tuigize humo. Ukiketi nusu saa tu, nguo zako zinanuka nta mpaka ufue mara mbili. Mtu akipita sokoni ananukia vile, watoto walimcheka: "Huyo katoka kucheza!" Mkubwa wetu alikuwa karani wa stesheni, mtu wa sauti nene na subira ndogo. Wengine walikuwa walimu, wafanyakazi wa reli, na fundi cherehani mmoja aliyecheza kila mwanamke, maana mwanamke mwenye heshima zake kupanda jukwaani wakati ule, weee! Ungesemwa mpaka kanisani.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa mmoja, na watu waliuomba tena na tena. Mpagazi wa Kinyamwezi anaondoka na msafara kupeleka pembe pwani, kama walivyofanya babu zetu. Msafara unarudi bila yeye. Wenzake wanasema alibaki njiani na homa. Mkeka wake unatandikwa katikati ya ua, mke anaukumbatia na kulia, watu wanakaa matanga. Wakati kila mtu amekwisha kata tamaa, inasikika sauti nje: "Hodi!" Mama yake anadhani ni mzimu. Anauliza, "Kama wewe ni mtu, uliondoka hapa na nini?" Mpagazi anajibu, "Niliondoka na kibuyu cha maji na radhi yako." Na mama anasema, "Karibu, baba." Basi. Hapo vigelegele vilikuwa vinapasua bati.

Mpagazi yule alikuwa mume wangu. Alikuwa na hodi yake ya taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na ukumbi mzima ulikuwa unanyamaza kuisikiliza. Mimi nilikuwa nashona mavazi na kukaa nyuma ya pazia na maneno yote kichwani.

Kisha vita vya Waingereza vikatufikia. Mume wangu akaandikishwa jeshini, akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, kupigana na Wajapani. Siku aliyopanda garimoshi stesheni ilijaa, watu walikuwa wanasukumana, nami nilikuwa na mtoto mgongoni. Nilimwona mama mkwe amejipenyeza mpaka dirishani, akamtia mwanawe kitu mkononi. Jioni nilimwuliza, "Mama, ulimpa nini?" Akanitazama juu mpaka chini. "Si kila cha mama na mwana ni cha mke," alisema. Ndivyo alivyokuwa.

Tuliletewa salamu zake mara chache, kisha kukawa kimya. Kimya kile, wacha tu. Garimoshi likiingia, natoka mlangoni. Likiondoka, narudi ndani. Na nyumbani mama mkwe alikuwa ameweka sheria: hakuna kulia. Kwake machozi ya mke wa msafiri yalikuwa uchuro. "Ukimlilia aliye hai, unamchimbia," alisema. Nikipepesa macho kwa moshi wa kuni, ananikaripia. Nilimeza machozi. Nilikuwa nalala nimeuma upindo wa kanga, nisije nikalia usingizini.

Ndipo fundi cherehani alipochukuliwa kwenda Dar es Salaam kushona sare za jeshi, na mchezo ukawa umeshatangazwa mpaka misheni. Karani akaja nyumbani akiwa amevua kofia. Nikajua lipo jambo, maana yule havui kofia bure.

"Shemeji," akaniambia, "mjane hatuna. Maneno yake unayajua wewe peke yako."

Kabla sijafungua kinywa, mama mkwe alikuwa amekwisha simama. "Mkwe wangu akalie matanga ya kuigiza, na mume wake yuko vitani? Karani, una akili wewe?"

Mimi tabia yangu moja mbaya: nikikatazwa, mguu unakuwa umeshafika. Lakini si ukaidi tu. Karani alipotaja mjane, nilihisi kama mtu mwenye kiu aliyesikia maji yanamiminwa chumba cha pili. Nililitaka lile jukwaa. Nilitaka mahali pa kulia ambapo hakuna atakayeniambia nyamaza.

Tuligombana kutwa nzima. Alinitukania ukoo, nami nikamrudishia kwa adabu, maana mkwe humtukani waziwazi. Mwishowe akakaa chini, akasema polepole, na alipokuwa akisema polepole ndipo alipotisha.

"Nenda kalie. Lakini mle ndani ukimwua, ufufue mle mle. Hodi ipigwe, watu wale wale waliomlilia wamwone amerudi. Asiporudi mbele ya macho yao, mjukuu wangu naondoka naye kwetu Goweko, na wewe usinifuate."

"Atarudi, mama," nikasema. "Mchezo ndivyo ulivyo."

"Tutaona."

Niliuamini mchezo. Ningejuaje?

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili alasiri. Ghala lilifurika. Mbele, kwenye viti vya Mhindi, aliketi ofisa mmoja wa Kizungu, mgeni mjini, aliyekuja kuona Waafrika wanakusanyikia nini. Askari wake walisimama mlangoni. Upande wa kulia walijaa Wazaramo wa reli na mabenchi yao. Mpagazi mpya alikuwa mwenzao, mchochea moto wa garimoshi, rafiki wa mume wangu, mtu asiyeweza kusalimia bila kutania. Yeye alikuwa nje, nyuma ya ghala, na mzigo wake kichwani, akingoja zamu ya hodi. Na kule nyuma kabisa nilimwona mama mkwe amesimama, binti yangu kambeba kiunoni. Alikuja kushuhudia.

Mkeka ukatandikwa. Nikapiga magoti. Maneno ya mjane nilikuwa nayajua yote, ila yalinitoka. Nilifungua kinywa ikatoka sauti nisiyoijua. "Mayo wane!" Nilimwita mama yangu kwa kilio cha kwetu, kile cha tumboni, kinachoanza juu na kuanguka. Nilimlilia mume wangu kwa jina lake la nyumbani. Nikaukumbatia ule mkeka, na machozi niliyoyabana muda wote ule yakaja kama bomba limepasuka. Kisha mwanamke mmoja akapokea kilio, akapokea mwingine, na ghala zima likawa msiba.

Sasa mtu asiyejua utani hawezi kuelewa kilichofuata. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na kulala majumbani kwao. Mnyamwezi akifiwa, Mzaramo ana kazi yake pale: atanie, azuie maiti, amwigize marehemu, adai kuku, mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Asipofanya ni aibu yake. Fundi cherehani alipokuwa akilia, Wazaramo walikuwa wanacheka tu kwenye mabenchi, maana kilio chake kilikuwa cha cherehani. Safari hii walisikia kilio cha kweli. Sijui nani alisahau kwanza kwamba ni mchezo. Nilichoona ni mzee mmoja wao, fundi wa reli, anaruka benchi.

"Msiba gani huu hauna watani?" akapiga kelele. "Hazikwi mtu hapa!"

Akapanda jukwaani akajilaza juu ya mkeka, chali, na viatu vyake vya kazi. Wenzake wakamfuata. Mmoja akabeba kiti kichwani akawa anatembea amekunja shingo: "Mnamwona marehemu? Kichwa bapa kwa mizigo! Huko ahera nako atatafuta pembe abebe!" Wanyamwezi wakaamka, machozi mashavuni na vicheko mdomoni, wakajibu: "Ninyi Wazaramo mkisikia kilio mnauliza ngoma inachezwa wapi!" "Leteni kuku!" "Kuku mlishaiba jana!" Watu wanavutana mkeka, mabenchi yanaanguka, furaha na msiba hujui kipi ni kipi.

Ofisa yule angejuaje? Aliona wanaume wanaruka jukwaani, wanamnyang'anya mkeka mwanamke anayelia, wanatukanana kabila kwa kabila. Kwake hiyo ilikuwa fujo. Akapuliza filimbi. Askari wakaingia na virungu.

"Bado!" nilipiga kelele. "Bado hajarudi! Mwacheni arudi!" Nilimshika karani mkono, nikamwambia mwite, mwite huyo apige hodi. Karani alikuwa anamweleza Mzungu habari za utani huku kofia imeanguka. Nani amsikilize? Tulisukumwa nje, mlango ukafungwa, kufuli likatiwa. Mchochea moto nilimkuta nyuma ya ghala bado na mzigo kichwani, anauliza, "Vipi, zamu yangu?"

Nikamtafuta mama mkwe. Alikuwa ameshaondoka na mtoto.

Nyumbani alikuwa anafunga mzigo wake. Hakunigombeza hata kidogo. Mtoto alikuwa amekaa juu ya kitanda anacheza na kifungo.

"Mama, ni watani tu. Mchezo utarudiwa."

"Lini? Ghala lina kufuli." Alikaza fundo. "Umemlilia kwa jina lake. Mji mzima umempokelea kilio. Watani wamelala juu ya mkeka wake. Kimebaki nini kwenye msiba ambacho hukukifanya? Mwanangu umemwacha amekufa."

"Na mwanangu mimi?"

"Garimoshi la asubuhi. Tulikubaliana."

Ningeweza kumpokonya mtoto. Mori ulinipanda, nakiri, nikamkamata binti yangu mkono. Lakini nilipomtazama yule mama, alikuwa anafungua fundo lile lile na kulifunga upya, tena na tena. Alikuwa anaamini kila neno. Na ubaya ni huu: nami nilikuwa nimeanza kuamini. Tangu nilie, nilikuwa namwona mume wangu mahali penye giza, anangoja nje ya mlango ambao mimi ndiye niliyeufunga.

Nikatoka mbio, bila viatu, mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Wazaramo walikuwa uani wanakula, bado wanachekeana habari za mchana. Waliponiona, mzee yule aliyelala kwenye mkeka akaanza, "Karibu mjane wetu, umeleta kuku?"

"Mmemwua mume wangu," nikamwambia. "Mmekula na kucheka, na kesho mtoto wangu anachukuliwa. Haya, cheka sasa!"

Nikawaeleza yote, maneno ya mama mkwe na sharti lake. Hakuna aliyecheka. Mtani ana ruhusa ya kuchezea kila kitu cha mwenzake, ila hana ruhusa ya kuuacha msiba wazi. Mzee akanawa mikono, akamgeukia mchochea moto. "Wewe kesho uko zamu gani?"

"Garimoshi la asubuhi," akasema. "Hilo hilo la Goweko."

Asubuhi stesheni ilijaa kama kawaida. Mama mkwe aliketi juu ya mzigo wake, mtoto mapajani. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba," bila kunitazama. Nilisimama hatua chache pembeni, roho mkononi. Kengele ya kwanza ikalia. Injini ilikuwa inatoa mvuke, na dereva Singasinga alikuwa ameegemea dirisha lake. Nikatazama huku na huku: wapi watani? Mtu anaweza kuahidi jioni na asubuhi akaona aibu. Abiria wakaanza kupanda. Mama mkwe akasimama, akajitwika mzigo, akamshika mtoto mkono.

Ndipo mzee wa Kizaramo akatokea kwenye kona ya bohari na ule mkeka. Sijui alivyoupata, na kufuli lile. Akautandika katikati ya watu, mbele ya miguu ya mama mkwe, akaondoka bila utani wowote. Watu wakasogea. Wengi wao jana walikuwa ghalani; wakautambua. Hata karani alitoka ofisini kwake na kalamu sikioni.

Na kutoka kwenye injini akateremka mchochea moto, mweusi kwa moshi tangu utosini, gunia kichwani. Akaja polepole. Akasimama ukingoni mwa mkeka.

"Hodi," akasema.

Ilikuwa hodi ya mume wangu. Ile ya taratibu.

Mama mkwe hakujibu. Aliyekuwa akicheza mama kwenye mchezo alikuwa mwalimu mmoja mzee, na hakuwapo pale. Hakuna mwingine wa kuitikia. Dereva akapiga honi ya injini. Mchochea moto hakugeuka.

"Hodi, mama."

Nilitaka kujibu mimi. Nilijizuia, nikauma kanga. Niliona taya la mama mkwe linacheza. Mwishowe akauliza, kwa sauti kavu, "Kama wewe ni mtu, uliondoka hapa na nini?"

Nikajua tumekwisha. Jibu la mchezo ni kibuyu na radhi, kila mtoto wa Tabora alilijua, na yeye hakuwa anauliza la mchezo. Aliuliza alichomtia mwanawe mkononi pale dirishani, ambacho hata mimi mkewe sikuambiwa.

Mchochea moto alishusha gunia chini. Jasho lilikuwa linamchora mistari usoni.

"Niliondoka na karanga," akasema. "Ulizikaanga mwenyewe, ukazifunga kwenye kipande ulichochana kwenye kanga yako. Ziliungua kidogo, maana ulikuwa unalia. Ukaniambia nisimwonyeshe mke wangu."

Mzigo wa mama mkwe ukaanguka.

Yule kijana ndiye aliyekuwa akichochea moto siku ile mume wangu alipoondoka. Aliniambia baadaye kwamba garimoshi liliposimama njiani kujaza maji, mume wangu alikwenda mbele kwenye injini, wakala zile karanga pamoja, na mume wangu akacheka akamsimulia. Lakini pale sikuwa najua hayo. Nilijua tu kwamba mama mkwe amenyoosha mikono yote miwili, anamshika yule mtu uso, masizi yanampaka vidole.

"Karibu, baba," akasema. "Karibu ndani."

Vigelegele vilipasuka stesheni nzima, mpaka dereva Singasinga akatoa kichwa nje kuuliza kuna harusi gani. Mchochea moto akakimbilia injini yake. Garimoshi likaondoka kwenda Goweko bila mama mkwe. Akamchukua mtoto, akaniwekea mikononi, akasema, "Haya, twende, uji utapoa."

Ghala lilikaa na kufuli muda, kisha ofisa yule akahamishwa na Mhindi akapata ruhusa tena. Vita vikaisha. Wanaume wakaanza kurudi kwa garimoshi, wengine na nishani, wengine bila mguu. Nilikwenda stesheni kila lilipoingia. Siku moja akashuka mwanajeshi mmoja wa Puge, akauliza nyumba yetu. Aliketi uani, akatuambia alimzika mume wangu huko Bama kwa mikono yake mwenyewe.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Akampakulia ugali na kuku, akamngoja ale ashibe. Kisha akamwambia kwa upole, "Umekosea mtu, mwanangu. Wa kwangu alisharudi. Nilimpokea stesheni mbele ya watu wote."

Hakukubali mkeka utandikwe. Watani walikuja na nyuso za msiba, tayari kwa kazi yao, akawarudisha mlangoni: "Kazi yenu mlishaimaliza." Na kwangu sheria ikawa ile ile, kali kuliko zamani. Anayemlilia aliyerudi, alisema, anamfukuza. Ningempinga kwa lipi? Mimi mwenyewe ndiye niliyekimbia bila viatu usiku ule ili asadiki, na alisadiki. Matanga ya mume wangu hayakukaliwa kamwe.

Basi nikabaki na ghala. Nilicheza mjane yule kila mchezo uliporudiwa, mpaka mvi zikanitoka na binti yangu akaolewa. Magazeti hayakuandika habari zetu, lakini mjini walisema hakuna anayelia kama mimi, eti nina kipaji. Mama mkwe hakukosa hata mara moja. Aliketi benchi la mbele, kanga mpya, na hodi ilipopigwa alikuwa anamtangulia mwalimu mzee kuitikia, kwa sauti ya kusikika ghala zima: "Karibu, baba!" Wageni walidhani ni sehemu ya mchezo, wakampigia makofi.

Kabla ya hodi ile, muda ulikuwa wangu. Nililia polepole, nisiumalize upesi.